Bwawa la samaki nyuma ya nyumba: namna ya kulilinda katika baridi ya kiangazi

Kuanzia mwezi wa sita mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, wakaaji wa milima ya Kivu wanajua baridi ni nini. Mvua inakatika, mawingu yanaondoka, mbingu inabaki wazi usiku kucha, na asubuhi umande uko kama maji yaliyomwagwa. Mutu anavaa koti, anawasha mbabula. Samaki haina koti.

Ni wakati ule ambapo mama anatupa pumba ya mahindi ndani ya bwawa kama kawaida, na pumba inabaki ikielea mpaka saa sita ya mchana. Anafikiri samaki zimegonjwa, ao mwizi alipita usiku. Anafungua mufereji ili maji mapya yaingie kwa nguvu na samaki zipate hewa. Kiisha wiki mbili ao tatu, samaki kadhaa zinaonekana juu ya maji zikiwa zimekufa, na zile zinazobaki haziongezeki. Mwezi wa tisa masomo yanafunguliwa, madaftari na franga za sekondari zinaulizwa, na samaki iliyotazamiwa kufika gramu 200 iko bado nusu yake.

Tunaandika ukurasa huu juu ya mabwawa ya namna hiyo: madogo, mita 5 kwa 5 mpaka mita 10 kwa 20, yaliyochimbwa kwa jembe karibu na nyumba ao katika bonde chini ya shamba, Kabare, Walungu, Kalehe, Masisi, Lubero na pengine. Jambo tunalotaka liwe wazi tangu mwanzo ni hili: katika milima yetu, baridi ya hewa peke yake ni mara chache inaua samaki. Kinachoharibu zaidi ni maji ya baridi tunayoingiza sisi wenyewe, na kazi tunazofanya ndani ya bwawa katika miezi ambayo lingepashwa kuachwa litulie.

Baridi ya huku si baridi ya barafu

Siku hizi mutu akiwa na shida anauliza simu. Ukitafuta namna ya kulinda bwawa wakati wa baridi, majibu mengi yanatoka Ulaya na Amerika, pahali ambapo maji yanaganda juu. Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji ao Kanada wameona kitu hicho kwa macho. Mashauri ya kule ni mazuri kwa kule. Yakihamishwa huku bila kuyapima, yanaweza kukupotosha, hasa mawili kati yao.

La kwanza ni kwamba chini ya bwawa kuna joto, kwa hiyo uchimbe shimo refu samaki zijifiche humo. Kule ni kweli, juu maji yako na tabia ya ajabu: yanakuwa mazito kuliko wakati wote yakiwa kwenye digri 4. Wakati barafu inafunika bwawa, maji ya digri 4 yanakaa chini kabisa, na samaki zinalala humo mpaka majira ya joto yarudi. Lakini maji ya Kabare hayafiki digri 4. Yanatembea kati ya digri 16 na 25 hivi, na katika kiasi hicho maji ya baridi ndiyo mazito. Usiku, maji ya juu yanapoa na kuzama. Kwa hiyo huku kwetu chini ya bwawa ndiko kuna baridi zaidi, ao sawa na juu, haiwezi kuwa joto zaidi. Mutu anayechimba shimo la mita 2 akifikiri anatengenezea samaki chumba cha joto, anajichokesha bure.

La pili ni kwamba usimamishe chakula maji yakishuka chini ya digri 10. Shauri hilo limeandikwa kwa kapu na samaki nyekundu za mapambo, ambazo zimezoea baridi. Tilapia ikifika digri 10, hakuna tena mazungumuzo ya chakula.

Tilapia inasikia baridi kwa kiasi gani

Tilapia ya Nili, ambayo ndiyo inafugwa zaidi katika majimbo yetu, inakula na kukua vizuri maji yakiwa kati ya digri 25 na 30. Chini ya digri 20 inakula kidogo sana na haizai tena. Karibu na digri 16 inasimama tu pahali pamoja. Kati ya digri 12 na 10, ikikaa humo siku kadhaa, inakufa. Kambare nayo ni samaki ya joto; inavumilia maji machafu na ukosefu wa hewa kuliko tilapia, lakini baridi haiipendi vilevile. Kapu ndiyo inavumilia baridi kweli, ila inachimbua kingo za bwawa kama nguruwe, na watoto wake hawapatikani kila pahali.

Kadiri unapanda mlima, joto la hewa linapunguka karibu digri 6 kwa kila mita 1,000. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko kwenye mita 780 hivi. Lubero iko karibu mita 2,000. Kati ya mufugaji wa Uvira na yule wa Lubero, kuna tofauti ya digri 7 hivi hata kama jua ni moja. Mutu wa bonde la Ruzizi anaweza kusoma ukurasa huu kwa kujifurahisha tu. Bukavu na Goma, karibu mita 1,500, zinakaa katikati. Na si urefu wa mlima peke yake unaohesabu: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 tu, lakini iko mbali na Ikweta, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hewa inashuka mara nyingi chini ya digri 10. Wafugaji wa Katanga wanajua tangu zamani kwamba katika miezi hiyo tilapia haizai. Kwa upande wa Butembo na Lubero, ambako Ikweta iko karibu, kiangazi ni kifupi lakini kinakuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo na tahadhari zinakuja mara mbili.

Isimfanye mutu kukata tamaa. Jirani zetu wa Rwanda walifanya uchunguzi juu ya jambo hili katika miaka ya 1980, kwenye kituo cha Rwasave karibu na Butare na katika mabwawa ya wakulima milimani. Walikuta tilapia ya Nili inaishi na kukua hata katika mabwawa yaliyo juu ya mita 2,000, isipokuwa inakwenda polepole. Ile ambayo huko chini inafika uzito wa kuuzwa kwa miezi 6, milimani inaomba miezi 9, 10 ao zaidi. Kwa hiyo swali si kama samaki inaweza kuishi. Swali ni digri ngapi unaweza kuokoa ili miezi hiyo isiongezeke tena.

Mufereji ulio wazi ndiye mwizi wa joto

Katika vijiji vingi utasikia kwamba samaki bila maji yanayotembea inakufa. Mawazo hayo yanatoka kwenye mto, na kwa samaki fulani za mto ni kweli. Tilapia ya bwawa haiombi hivyo. Hewa yake inatoka hasa kwenye vijani vidogo vile visivyoonekana na macho, ambavyo vinafanya maji kuwa rangi ya kijani. Mchana, jua likiangaza, vinatoa hewa ndani ya maji. Upepo unaongeza kidogo. Na baridi yenyewe inasaidia: maji ya digri 15 yanaweza kubeba hewa nyingi kuliko maji ya digri 28. Wakati wa kiangazi, bwawa lililotulia ambalo halikujazwa uchafu haliko katika hatari kubwa ya kukosa hewa.

Sasa tupige hesabu, juu hapa ndipo kuna siri yote. Chukua bwawa la mita 10 kwa 10, kina cha katikati sentimita 80. Ndani kuna maji litre 80,000. Chukua bidoni ya litre 20, uiweke chini ya tiyo ao mufereji unaoingiza maji, uhesabu. Kama inajaa kwa sekunde 20, ni litre 1 kila sekunde, na katika masaa 24 zinaingia litre 86,400. Maana yake bwawa zima linabadilishwa kila siku! Jua linapasha maji mchana kutwa, na usiku kucha unayatupa chini ya bonde na kuingiza mengine yanayotoka moja kwa moja kwenye chanzo, yakiwa na digri 15 ao 16. Pamoja na joto unatupa ile rangi ya kijani, ambayo ni chakula cha bure, na mbolea yote uliyobeba kichwani. Ndiyo sababu mabwawa mengi ya milimani yako na maji meupe, safi, ya kuonyesha mpaka matope ya chini, na samaki zenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Maji safi ya kunywa ni baraka kwa mutu. Kwa tilapia ni njaa.

Bwawa linahitaji maji kiasi gani basi? Yale tu yanayopotea. Jua na upepo wa kiangazi vinaweza kutoa karibu nusu sentimita kwa siku. Udongo mzuri wa mfinyanzi unaachilia pengine sentimita 1. Jumla ni sentimita 1 na nusu, yaani litre 1,500 kwa bwawa letu la mita 10 kwa 10, sawa na bidoni 75. Kwa mufereji ule wa litre 1 kwa sekunde, ni dakika 25 tu. Fungua dakika 25, funga. Ao unaweza kufungua kila siku tatu kwa muda wa saa moja na robo hivi. Piga kijiti chenye alama ndani ya maji karibu na ukingo, na kijiti ndicho kitakuambia ni maji ngapi yamekwenda.

Fungua mchana, kati ya saa nane na saa kumi, wakati kijito nacho kimepata jua kidogo. Usifungue usiku wala asubuhi mapema. Wengine wanachimba kidimbwi kidogo cha kina kifupi juu ya bwawa, maji yanangoja humo toka asubuhi, yanapata jua, kiisha ndiyo yanaingia. Ni kazi ya siku moja na inalipa.

Angalia pia pahali maji yanatokea. Tiyo ya kutokea ikiwa juu, inatoa maji ya juu, yaani yale ya joto na ya kijani. Inafaa itoe yale ya chini. Kama uko na tiyo ya plastiki ao mwanzi uliopita ndani ya ukingo, valisha ncha yake ya ndani tiyo nyingine pana iliyosimama, ianze karibu na matope na ipite juu ya usawa wa maji. Hivi maji yanalazimika kupanda kutoka chini mbele ya kutoka. Mvua kubwa ikinyesha, ni maji ya chini yataondoka, na joto la juu linabaki.

Kwa sababu ileile, bwawa linalovuja ni bwawa la baridi. Kila bidoni inayopotea ardhini inalipwa na bidoni ya kijito. Mwezi wa tano, mbele baridi haijaanza, tembea chini ya ukingo upande wa nje, utafute pahali palipolowana. Mara nyingi ni tundu la kaa wa mto, njia ya panya ao mzizi uliooza. Chimba mpaka ulione tundu lenyewe, jaza udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa, ukanyage kwa miguu. Kutupia udongo juu tu hakusaidii.

Tunajua pia kwamba katika majimbo yetu mutu anaweza kulazimika kuhama nyumba saa yoyote, bila kujua atarudi lini. Mabwawa mengi yanaachwa na mufereji wazi kabisa, na mwenyewe akirudi anakuta ukingo umekatwa na maji. Kama dakika chache zinaruhusu, usifunge kabisa na usiache wazi: punguza mpaka bidoni ijae kwa dakika 20 hivi. Ni karibu litre 1,440 kwa siku, na bwawa la mita 10 kwa 10 linaweza kujisimamia nazo.

Kina, jua na upepo

Kina cha maji kinasaidia, lakini juu ya wingi wake. Sufuria kubwa inapoa polepole kuliko kikombe. Bwawa la sentimita 30 linapata joto haraka mchana na kulipoteza lote usiku, na samaki haipendi kurushwa hivyo kila siku. Sentimita 60 upande wa maji kuingia na mita 1 mpaka mita 1 na sentimita 20 upande wa kutokea, hicho ni kipimo kizuri kwa milima. Kama matope yamejaa mpaka nusu, yatoe wakati wa kuvuna, uyapeleke shambani kwa mboga. Ni mbolea ya nguvu.

Kuhusu jua, kuna jambo ambalo wachimbaji wengi hawafikirii. Mwezi wa sita na wa saba jua halipiti juu ya kichwa chetu. Linapita upande wa kaskazini. Mgomba ao mti ulio kaskazini ya bwawa unakukatia jua katika miezi ileile unayolihitaji zaidi. Ule ulio kusini hauna kosa. Upande wa mashariki pia ufunguliwe, ili bwawa lianze kupata jua mapema asubuhi. Kukata mti si lazima. Mara nyingi kupunguza matawi na makoti ya ndizi kunatosha.

Upepo ni adui wa kimya. Unakausha maji, na maji yanapokauka yanaondoka na joto, sawa vile mutu anasikia baridi akitoka kuoga. Kiangazi upepo wetu mkubwa unatoka mara nyingi kusini-mashariki, lakini kila bonde liko na tabia yake. Tazama majani yanalala upande gani. Panda mstari wa bingobingo upande huo, mita 3 ao 4 kutoka kwenye maji, mizizi isifike kwenye ukingo. Mbuzi zitakushukuru pia.

Kama hujachimba bado, usichague shimo la chini kabisa la bonde. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka mlimani na kukaa pale kama maji. Panda hatua makumi machache kwenye mteremko, utakuta tofauti ambayo ngozi yenyewe inaisikia asubuhi.

Na kufunika? Bwawa dogo la mita 4 kwa 5 linaweza kufunikwa usiku na vipande vya mianzi vilivyofungwa majani ya migomba, ao bashi, ili joto lisipande moja kwa moja mbinguni. Asubuhi unaondoa, kila siku, bila kukosa; bwawa linaloshinda limefunikwa linakosa jua na hewa. Kwa bwawa kubwa kazi hiyo haiwezekani, na ukweli ni kwamba mufereji uliofungwa unafanya mengi kuliko kifuniko. Majani yanayoelea yakifunika maji yote yaondolewe, yanazuia jua.

Wengine wanamwaga maji ya moto. Katika bwawa letu la litre 80,000, kupandisha digri 1 tu kungeomba zaidi ya bidoni 50 za maji yanayochemka. Makala yenu mpikie chakula.

Chakula kidogo, wakati mzuri

Ili kujua hali ya maji, termometa ni bora kuliko mkono. Lakini si ile ya hospitali ya kupima homa: hiyo inaanza kwenye digri 35, haitakuambia kitu. Inafaa ile ya kupima hewa ya nyumba ao ya maabara. Ifunge kwenye kamba, uizamishe kwa kina cha mkono, upime saa kumi na mbili za asubuhi na saa tisa za mchana, uandike. Wiki moja ya kuandika inafundisha mengi. Watu watano wenye mabwawa jirani wanaweza kununua moja na kuzungukana.

Asubuhi maji yakiwa na digri 20 na zaidi, endelea kulisha, ukipunguza kidogo. Kati ya 20 na 17, toa theluthi ya kiasi cha kawaida. Chini ya 16, acha. Mfano: samaki 150 za gramu 100 ni kilo 15, wakati wa joto zinaweza kula karibu gramu 450 za pumba kwa siku, wakati wa baridi gramu 150 zinatosha. Toa mara moja tu, kati ya saa sita na saa tisa ya mchana, wakati samaki zimeamka. Mtindo wa kulisha mbele ya kwenda shambani alfajiri unafaa kuachwa katika miezi hii. Pumba, machicha ya kasiksi, mchwa, majani laini ya matembele, vyote vinafaa kama vinaisha. Kisichoisha kwa dakika 20 kinazama na kuoza.

Mbolea nayo ipunguzwe. Hapa ndipo hatari inajificha, juu haionekani siku ile. Katika maji ya baridi mavi ya mbuzi na majani yanaoza polepole sana. Mutu anaona maji hayawi kijani, anaongeza kikapu, anaongeza kingine. Vyote vinalala chini vikingoja. Mwezi wa tisa joto linarudi, mvua kubwa ya kwanza inavuruga chini na juu, uchafu wa miezi mitatu unaanza kuoza kwa mara moja na kumaliza hewa. Asubuhi yake samaki zote ziko juu zikifungua midomo, na kufika saa nne zimekufa. Watu wanasema zimetiwa sumu. Mara nyingi hakuna aliyetia sumu.

Kipimo cha mbolea ni mkono wako: uzamishe ukiwa umesimamisha vidole. Kama viganja vinapotea wakati maji yanafika kwenye kisugudi, rangi inatosha. Kama unaona vidole hata maji yakipita kisugudi, ongeza kidogo. Kama vinapotea mbele ya nusu ya mkono, usiongeze kitu.

Acha samaki itulie

Samaki iliyopoa haina nguvu ya kujilinda. Ukipitisha wavu asubuhi ya baridi ili uone tu zimefika wapi, magamba yanatoka, na siku chache kiisha utaona kitu cheupe kama pamba kwenye ngozi ao kwenye mapezi. Ni ukungu, na unashika hasa samaki yenye kidonda katika maji ya baridi. Kwa hiyo kupima, kuchagua na kuhamisha vifanyike mwezi wa tano, ao vingoje mwezi wa tisa. Kama ni lazima, fanya karibu na saa tano ya mchana, kwa mikono iliyolowana. Samaki chache zikishikwa na pamba, tia gramu 200 za chumvi ya jikoni katika bidoni ya litre 20, ziache humo dakika 10, uzitoe mara moja zikianza kulala ubavu. Zile zilizokufa zisibaki ndani ya maji.

Kununua watoto wa samaki mwezi wa sita ao wa saba ni kutupa franga. Safari ndani ya bidoni inawachokesha, maji ya kuwapokea ni baridi, na hawatakula. Ngoja mvua.

Ndege wanajua kwamba samaki imekuwa nzito. Mchana inapanda juu pahali penye kina kifupi kutafuta jua, na hapo kulasitara na mdiria wanajichukulia bila shida. Matawi yenye miiba yaliyozamishwa upande wa kina kifupi na kamba zilizovutwa juu ya bwawa zinapunguza hasara. Hapa ndipo lile shimo refu tulilolikataa juu linaweza kuwa na kazi: kukimbia ndege, si kukimbia baridi.

Mufugaji aliyekwisha kupita baridi mbili ao tatu anapanga mwaka wake kwa kinyume. Anatia watoto wa samaki kati ya mwezi wa tisa na wa kumi, anawapa miezi yote ya joto, anavuna kubwa mwishoni mwa mwezi wa tano na kuweka franga za masomo pembeni kutoka hapo. Katika kiangazi anabakiza samaki chache, moja kwa kila mita ya mraba, zile za kuzaa na zile ambazo hazijafika uzito. Mwenye mabwawa mawili anakausha moja, anatoa matope, anatengeneza kingo, analiacha lipigwe na jua.

Mvua ikirudi, usirudishe chakula chote siku ileile. Wiki ya kwanza tia konzi moja saa sita ya mchana, ubaki ukingoni utazame. Ikiisha kwa dakika 10, kesho ongeza ya pili. Ikibaki, ngoja siku tatu, ujaribu tena.